Waya Kutoka Ghorofani

Mama alipokuja kukaa nami alinipa masharti mlangoni, kabla hata hajaweka mkoba chini. Amekuja kwa ajili ya goti. Goti likipona, siku hiyohiyo anapanda basi kurudi nyumbani magharibi, na nisijisumbue kumtengenezea kitanda kizuri nikidhani atazoea. Nikasema sawa, Mama. Kitanda nilikuwa nimeshakinunua, na godoro lake lilikuwa nene kuliko langu.

Niseme mapema nilichokuwa nikitafuta, msije mkaniona mtu wa mitambo tu. Nilitaka akae. Baba alikuwa amefariki, ndugu zangu wametawanyika, na huko nyumbani mama alikuwa amebaki kuzungumza na kuku. Mimi nilikuwa na nyumba ya chini karibu na Dagoretti Corner, kazi katikati ya jiji ya kutengeneza kompyuta za maofisi, na chumba cha pili kilichokuwa na pasi mbovu na baiskeli isiyo na gurudumu. Kila nilipompeleka mama kwa daktari wa mifupa niliomba kimoyomoyo daktari yule asiwe hodari kupita kiasi.

Ghorofani aliishi mwenye nyumba, mjane wa Kihindi wa umri wa mama, mwembamba, mwenye sari za rangi hafifu. Sisi wapangaji wote tulimwita Anti. Watoto wake walikuwa ng'ambo, na tangu mumewe afariki hakuwa akishuka. Mboga zilipelekwa mlangoni kwake, maziwa yalipelekwa, hata daktari alimfuata huko juu. Sisi alitutawala kutoka roshani, kwa sauti: nani ameacha bomba wazi, nani hajafunga geti, hii nguo ni ya nani. Mimi nilimjua zaidi kwa kidevu, maana ndicho unachokiona ukimtazama mtu kutoka chini.

Mama hakuwa na habari na utawala huo. Mwezi wake wa kwanza aling'oa maua ya Anti yaliyokuwa kando ya ukuta, akapanda kunde na mrenda. Hakuomba ruhusa. Kwake yeye udongo mzuri kupandwa kitu kisicholika lilikuwa kosa la mtu fulani, na mtu lazima alirekebishe. Nilirudi kutoka kazini nikamkuta yeye chini na jembe, Anti juu na kidevu.

"Wewe Mama! Maua yangu iko wapi?"

"Yalikuwa hayaliwi," mama akajibu.

"Na hii nini?"

"Mboga."

Halafu sauti ya juu ikashuka kidogo. "Mboga gani?"

Hapo nikajua vita vimekwisha. Anti hakula nyama, samaki wala yai tangu azaliwe, na mtu wa namna hiyo ukimtajia mboga asiyoijua umempata. Mrenda ulipokomaa mama akampelekea bakuli la majani mabichi. Bakuli likarudi na mrenda uleule ukiwa umepikwa na pilipili na mbegu za haradali. Mama akaonja, akaonja tena, akasema umeharibiwa vizuri sana.

Kuanzia hapo alipanda ghorofani kila jioni, goti au hakuna goti, kwa sababu Anti alikuwa na kitu kingine. Mwanawe alikuwa amemletea kisanduku cha setilaiti kilichounganishwa na dishi kubwa juu ya paa, na kisanduku hicho kilikuwa na diski ndani ya kurekodia. Tamthilia yake ya Kihindi ilionyeshwa mchana akiwa kwenye sala, kwa hiyo kisanduku kiliirekodi, na saa ya chai wakaitazama wawili. Mama hakujua neno hata moja la Kihindi. Anti alimtafsiria kwa Kiswahili chake mwenyewe, na wakati wa chakula cha jioni mama alinisimulia mimi kwa Kiswahili hichohicho.

"Ile mama ya bwana mbaya kabisa," aliniambia huku akikata ugali. "Angalia macho tu."

Nilikuwa na furaha sana miezi ile. Mkoba wa mama ulikuwa uvunguni mwa kitanda na vumbi lilikuwa limeanza kuukalia.

Kisha daktari akaharibu. Alibonyeza goti, akatikisa kichwa, akasema ngazi marufuku. Ngazi zetu zilikuwa za nje, za saruji, zenye mwinuko wa kuchosha hata wazima. Tulipofika nyumbani mama alizitazama ngazi zile, akasema, "Basi nirudi tu. Kwetu hakuna ngazi."

Sikulala vizuri. Kesho yake nilipanda kwa Anti kumwomba ashuke yeye. Alinisikiliza vizuri, akanipa vitafunio vya dengu, kisha akanijibu kama anayenitajia saizi ya kiatu chake.

"Beta, nyumba yako napika samaki."

Beta ndiyo namna yake ya kusema mwanangu. Na kweli nyumbani kwangu kulipikwa samaki. Mama alikuwa na omena za kutosha kulisha kijiji, na harufu yake ilikuwa imeingia hadi kwenye pazia. Anti kwa desturi yake hakai wala hanywi maji katika nyumba inayopikiwa nyama au samaki. Nilishuka nikitafuta maneno ya kumfikishia mama jambo hilo bila kumuumiza, lakini nilipomwambia hakuumia hata kidogo.

"Kwani kwetu mama mkwe anaingia tu kwa mkwewe?" akasema. "Kila mtu ana mlango asiouingia."

Basi mmoja hapandi, mwingine hashuki. Mtu mwenye akili angeliacha jambo hilo mikononi mwa wahusika. Mimi ni fundi wa kompyuta.

Nilikuwa nimeona nyuma ya kile kisanduku tundu la waya wa mtandao, bado limefunikwa na kibandiko cha kiwandani. Maana yake ni kwamba kompyuta iliyounganishwa nacho ingeweza kuvuta zile rekodi na kuzicheza mbali na runinga. Nami nilikuwa na kompyuta, niliyoiunga mwenyewe kwa mabaki ya ofisini, inayonguruma kama kinu cha kusagia mahindi. Intaneti yangu miaka ile ilikuwa ya kupiga simu na kusubiri, lakini hapa sikuhitaji intaneti. Nilihitaji waya tu, kutoka sebule moja hadi nyingine.

Jumamosi nikaenda mjini, kwenye yale maduka ya vichochoroni yenye kaunta mbili ndani ya chumba kimoja.

"Niaje siste, unataka mita ngapi?" muuzaji akaniuliza.

Nikaanza kupiga hesabu: roshani, kona ya ngazi, kamba ya nguo, dirisha langu.

"Chukua ndefu," akanikatiza. "Ikibaki utaikunja. Ikipungua utarudi hapa ukinuna, na mimi sipendi kununiwa."

Nikachukua ndefu. Anti alinitaka nivue viatu mlangoni, akasimama juu yangu nilipokuwa nikipitisha waya chini ya zulia lake. Nilimweleza kwa bashasha kwamba sasa mama ataona tamthilia yote akiwa chini, bila kupanda ngazi hata siku moja. Anti akasema, "Vizuri," mara moja tu, akaenda jikoni. Nilidhani amekwenda kuniletea chai.

Waya ulibaki mwingi kweli. Niliukunja mviringo nikautundika kwenye msumari kando ya dirisha. Nikawasha kompyuta, nikafungua programu, na baada ya kungoja kidogo nyumba ya kitajiri ya Kihindi ikatokea mezani kwangu, ndogo, ikikwamakwama, lakini yenyewe kabisa, pamoja na mama mbaya na macho yake. Nilimfundisha mama kubofya. Jumatatu iliyofuata niliingia ofisini kwa mwendo wa mtu aliyevumbua umeme.

Tatizo la kwanza lilikuwa wazi tangu siku ya kwanza: mama aliona picha lakini hakuwa na mkalimani. Hilo pia nikalitatua mimi. Jumamosi iliyofuata niliwapangia utaratibu. Anti afungue mlango wa roshani, mama afungue dirisha, wote waanze rekodi moja kwa pamoja, Anti atafsiri kwa sauti. Nilihesabu moja, mbili, tatu, na pande zote mbili wakabonyeza.

"Sasa huyu naanguka!" Anti akapaza sauti kutoka juu.

Mama akatazama kioo. Bibi harusi alikuwa amekaa akichana nywele.

"Nani anaanguka?"

"Huyu huyu! Ameanguka!"

Bibi harusi akaendelea kuchana nywele. Akasuka. Akasimama, akaenda penye ngazi, akaanguka. Mama akanigeukia, macho yamemtoka. "Amejuaje?"

Nikamweleza kwamba kompyuta hukusanya picha kwanza ndipo ionyeshe, na kompyuta yangu ni mzee, inakusanya polepole.

"Kwa hiyo yeye yuko mbele na sisi tunamfuata."

"Ndiyo."

"Mwambie atungoje."

Hakungojeka. Kila kompyuta ilipokwama kidogo tulizidi kubaki nyuma, hadi kufikia katikati Anti alikuwa akitangaza kwa furaha, mtaa mzima ukisikia, kwamba bwana wa yule bibi harusi hakufa, amerudi, ndiye yule pale mlangoni mwenye ndevu. Huku kwetu walikuwa ndio kwanza wanapanga kuni za kumchoma maiti. Mama alikuwa na leso mkononi. Alimpenda sana bwana yule, alisema ana adabu kama marehemu baba.

"Nyamaza!" mama akapiga ukelele dirishani. "Niache nimlilie kwanza!"

Tukasikia mlango wa roshani ukifungwa.

Baada ya hapo mambo yaliharibika kimyakimya. Mlango wa roshani haukufunguliwa tena saa ya chai. Mama alitazama peke yake, mikono mapajani, watu wakizozana kwa lugha asiyoijua. Nikimuuliza kimetokea nini alisema, "Wanaongea tu." Alitoa mkoba uvunguni akaupangusa vumbi. Akaniuliza siku hizi mabasi ya nyumbani yanaondokea wapi. Nilimjibu kwamba sijui, na mimi hupita hapo yanapoondokea kila siku nikienda kazini.

Niliogopa, na mimi nikiogopa hutengeneza vitu. Nikaongeza kumbukumbu kwenye kompyuta. Nikasafisha feni. Ndipo ikaja hitilafu mpya: picha ilianza kukatika. Haikukatika ovyo. Tamthilia ilikwenda salama mwanzo hadi karibu na mwisho, ngoma zikianza kulia na kamera ikisogelea nyuso moja moja, na hapohapo, kimya, kioo kinasema hakuna mawasiliano. Kesho yake vivyo hivyo. Nilibadilisha vichwa vya waya pande zote mbili. Nilishuku panya, kisha kunguru, kisha mpangaji wa nyuma niliyemkuta ameanika soksi juu ya waya wangu. Nilimfokea yule mtu kuhusu soksi zake mpaka akaniuliza kama niko sawa.

Jumamosi nikaamua kuikamata hitilafu ikiwa kazini. Nikamwacha mama mbele ya kompyuta na kusimama chini ya ngazi. Ngoma zilipoanza, mama akaniita: "Imekatika!" Nikapanda mbio.

Mlango wa Anti ulikuwa wazi kwa ajili ya joto. Runinga yake ilikuwa ikiendelea vizuri tu. Yeye alikuwa ameketi kando ya kisanduku, na kichwa cha waya wangu kilikuwa mkononi mwake. Upande wa pili wa meza ndogo palikuwa na kiti kitupu, na mbele ya kiti kikombe cha chai kilichofunikwa kwa kisahani.

Hakujaribu kuuficha waya. Aliuinua anionyeshe.

"Hii waya yako, beta, imechukua rafiki yangu."

"Anti, ni goti," nikasema. "Si waya."

"Goti mimi najua. Lakini zamani, goti ikiuma, alikuja kwa sababu hapa ndio iko picha. Sasa picha iko kwake. Mimi niko na nini?" Akashusha waya mapajani. "Mimi fikiri, ikikatika mwisho, yeye atataka kujua. Atauliza. Hata kwa dirisha."

"Na hajauliza."

"Hapana uliza! Mama yako ngumu kabisa."

"Ngumu kabisa," nikakubali.

Tukacheka sote wawili, kisha yeye akaacha kucheka akajifuta macho kwa ncha ya sari. Nilikuwa nimemaliza wiki nzima nikichunguza waya ule urefu wake wote, isipokuwa mtu aliyeketi mwishoni mwake.

"Rudisha," akasema, akinipa. Nikaurudisha kwenye tundu lake.

Nilishuka nikamwambia mama yote. Hakunikatiza. Alikuwa akichambua kunde na aliendelea kuzichambua.

"Chai aliweka vikombe viwili?" akauliza mwishoni.

"Viwili."

"Chenye kisahani ndicho changu," akasema.

Jumatatu niliporudi kutoka mjini, meza yangu ilikuwa tupu. Kompyuta haipo, kioo hakipo, waya haupo kwenye msumari. Nilichodhani papo hapo ni kwamba tumeibiwa na mama ameondoka, vyote siku moja. Nikakimbia nje nikimwita. Aliyejibu ni askari wa geti, akionyesha juu kwa kidole, uso wake umechoka.

"Wamenibebesha vitu mchana wote," akasema. "Muulize mama yako."

Ngazi zetu zilikata kona katikati, na hapo kwenye kona palikuwa na kibaraza kidogo cha saruji. Kompyuta ilikuwa hapo, juu ya kigoda, inanguruma. Umeme wake ulitoka kwenye dirisha la jikoni kwangu. Waya kutoka kwa Anti ulikuwa umekunjuliwa, na ule urefu wote wa ziada niliouona hasara ndio uliozunguka kona ukafika. Upande wa chini aliketi mama kwenye kiti changu cha mezani, mguu ameunyoosha. Upande wa juu aliketi Anti kwenye stuli yake mwenyewe, na bilauri yake ya chuma mkononi, ndara zake zimepangwa vizuri kwenye kidato. Walikuwa wakigombana nani abofye.

"Mama," nikasema, "daktari alikataza ngazi."

"Alikataza ngazi. Hii ni nusu."

"Na Anti?"

"Hapa hapajawahi kupikwa samaki," mama akasema. "Nimemuuliza askari."

Anti alinitazama kwa ukali uleule wa roshani, isipokuwa sasa niliuona uso wake mzima. "Beta, songa. Unafunika mama mbaya."

Nikasonga. Kompyuta ilikwama ikaendelea, ikakwama ikaendelea, na hakuna aliyelalamika, maana sasa wote wawili walikuwa nyuma pamoja. Niliketi kidato cha chini yao nikasikiliza tafsiri. Bwana mwenye ndevu, kumbe, hakuwa bwana. Mama alisema yeye aliyashuku yale macho tangu mwanzo.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila jioni. Mwenye maziwa alijifunza kuruka miguu yao. Mama aliacha kukaanga omena mchana, akazihamishia usiku madirisha yakiwa yamefungwa. Na Anti, akishazoea kushuka nusu, akaanza kushuka iliyobaki, kwanza kukagua kunde, akisema zimepandwa vibaya, kisha hadi geti, kumwambia askari ana kwa ana yale aliyomwambia miaka yote kutoka juu. Yule askari alianza kuchomekea shati.

Mimi nilibaki na hofu yangu. Goti lilikuwa likiendelea vizuri mno; daktari alitabasamu kila tulipokwenda, na kila tabasamu niliona ni basi linawashwa injini. Kitu kimoja tu kilinipa moyo: nyumbani mama bado alichechemea. Nikimwona anavyopanda kile kibaraza, akishika ukuta, akipumzika kila kidato, nilimhurumia na kushukuru kwa wakati mmoja.

Jumamosi moja nilikuwa kwenye maduka ya Adams Arcade nikitengenezewa kiatu. Mbele ya duka la mboga nikaona mgongo ninaoujua, na kikapu. Kabla sijaita, mgongo ule ukavuka barabara ya Ngong mbele ya lori, ukaruka mtaro, ukashika njia ya nyumbani. Nilimfuata. Nilitaka kumfikia nimpokee mzigo, lakini sikumfikia. Nilikuwa nikitoka jasho, kiatu kimoja hakijamalizwa kushonwa, na mama alikuwa mbele palepale, kikapu kwenye mkono uliokunjwa, akitembea kama anayewahi kanisani.

Alipofika geti akasimama. Akaweka leso sawa. Akahamisha kikapu upande wa pili, akaingia akichechemea.

Kidevu kikatokea roshani. "Mama! Polepole! Ngoja hapo, mimi nakuja chini!"

Ndara zikaanza kulia kwenye ngazi. Mama akageuka akaniona nyuma yake, nikihema na kiatu changu kilichoachama. Hakushtuka. Alinitazama alivyonitazama nilipokuwa mdogo na nimemkuta akionja nyama jikoni kabla ya wageni.

"Limepona lini?" nikauliza.

"Kitambo."

"Na basi?"

Akatazama juu. Anti alikuwa amefika kwenye kona, mkono mmoja ukutani, akitafuta kidato kwa mguu.

"Nikipanda mimi, iwe basi au ngazi zote, yule hatashuka tena," akasema kwa sauti ya chini. "Atarudi kukaa na kile kisanduku chake. Na wewe ukimwambia daktari wako nitakuchapa, usifikiri umekua. Shika kikapu."

Nilishika kikapu. Kilikuwa na viazi, maboga mawili na nazi, kizito hadi kikanivuta bega, na yeye alikibeba kutoka Adams bila kupumzika. Nilikuwa na furaha ya kutaka kupiga kelele nikiwa pale getini. Mama akamwinulia Anti mkono, akaushika ukuta, akaanza kupanda kwenda kibarazani, kidato, pumziko, kidato, akichechemea vizuri kuliko alivyochechemea alipokuwa mgonjwa.